Ndoo na Ndoo

Swali la tano, Gredi ya Saba, shule yetu ya Langoni:
Fundi anachanganya chokaa na mchanga kwa uwiano wa 1:3.
Akitumia ndoo tatu za chokaa,
atahitaji ndoo ngapi za mchanga?

Lali Bwanakai ameandika: tano.
Chini yake, kwa penseli iliyotafunwa, ameeleza:
moja imeongezwa mbili ikawa tatu,
basi na tatu nayo iongezwe mbili. Haki ni haki.

Nikalipiga mkasi mwekundu.
Nikachora visanduku ubaoni, kimoja cheupe, vitatu vya buluu,
nikachora tena, na tena, hadi chaki ikanivunjikia.
"Umefahamu?"
"Sawa, mwalimu."
Naijua sawa hiyo.
Ni ya mtoto anayesikia mpira ukidunda nje.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.
Jumamosi punda wawili walishusha mchanga mlangoni kwangu,
wakaziba kichochoro, Bi Khuleta akapita ubavu huku akisonya.
Ukuta wa daka langu ulikuwa unabanduka.
Fundi ni Bwanakai mwenyewe,
na nyuma yake mwanawe, amevaa karai kama kofia.

"Ndoo na ndoo!" baba akamwita,
na kwa lugha yetu ya Amu neno moja likafanya kazi mbili,
likamleta mtoto pamoja na chombo chake.
"Tokaa moya, mtanga tatu."
Kisha akapanda ngazi.

Fungu la kwanza liliisha kabla ya kufika dirishani.
"Fanya kubwa! Tokaa tatu!" sauti ikashuka kutoka juu.
Nikamwona Lali akihesabu. Chokaa, tatu.
Mchanga: moja, mbili, tatu, nne, tano.
Akaweka ndoo chini.

Nami nikanyamaza na kikombe changu cha kahawa.
Labda nilitaka ukuta ufundishe kilichoishinda chaki.
Labda ni kiburi tu. Na ukuta wenyewe ni wangu!

Bwanakai akachota kwa mwiko, akabonyeza kwa dole gumba.
"Hii yanata. Ikikauka itapasuka kama kisigino changu.
Umefanyaje?"
"Nimeongeza mbili huku, mbili huku."
"Nani kakwambia wongeze? Rejeya!
Ile ya kwanza, ifanye tena. Kisha tena.
Kila tokaa moya ina mtanga wake tatu,
haendi mahali bila wenziwe."

Hapo nikalisikia neno nililolifundisha miaka kumi na moja
bila kulisikia: uwiano.
Kuwia ni kudai.
Chokaa inaudai mchanga, tatu kwa kila moja,
na anayekuja na madeni matatu
hatulizwi kwa kuongezewa mbili.

Lali alilitazama lile fungu jeupe mno.
Midomo ikacheza. Penseli hakuwa nayo.
"Bado nne," akasema, akaishika ndoo.

Nne.
Si tisa, jibu lililokuwa kitabuni mwangu,
bali nne, jibu la kosa lililolala mbele yake likingoja koleo.
Swali hilo mimi sikuwahi kumuuliza mtu.

Nisiseme kwamba ukuta ulimaliza kila kitu.
Jumatatu: vikombe vinne vya ukwaju kwa sita vya maji;
ukwaju ukiwa sita, maji je?
Akaandika nane.
Nikakalia kalamu yangu nyekundu.

Akasita. Akafuta hadi karatasi ikaota manyoya.
Akaangalia viganja vyake, chokaa bado imo kwenye mistari,
akahesabu kitu ambacho mimi sikukiona,
kisha akainua mkono:
"Mwalimu, kurejeya nusu yaruhusiwa?"

Yaruhusiwa, Lali.
Na ule mkasi wa Ijumaa,
niwie radhi.